Muulize Fundi: Mashine ya nyasi inawaka, lakini haitulii

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: mashine ya kukata nyasi inawaka, lakini injini inakohoa, inamisi, inapanda na kushuka, au inazima kazi ikiwa imekolea. Nimechagua chache zinazotofautiana. Nanyi mnaojiandaa kuniandikia, nina ombi. Msiishie kusema "inasumbua". Niambieni inasumbua wakati gani: ikiwa baridi au ikishapata moto, ikizunguka bure au ikigusa nyasi, baada ya kulala muda mrefu au baada ya kugonga kitu. Hayo yananisaidia kuliko jina la kiwanda na rangi ya mfuniko. Ukishajua ni lini injini inakosea, mara nyingi umeshajua pia ni bolti gani ya kufungua.

Agizo moja halina mjadala. Kabla mkono haujaenda chini ya mashine, chomoa waya wa plagi na uuweke mahali usipoweza kuirudia plagi. Ukikizungusha kisu kwa mkono umezungusha injini, na injini yenye petroli kidogo ndani inaweza kukushtukiza. Pia usiiwashe ndani ya chumba au gereji iliyofungwa, hata kama unataka kuisikiliza tu. Moshi wake una kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu.

Inapanda, inashuka, inapanda, inashuka

*Shikamoo Fundi. Mashine yangu ya kusukuma ilikaa bila kazi msimu mzima. Sasa inawaka bila shida, lakini mlio unapanda na kushuka wenyewe bila mimi kugusa kitu. Nikifunga choki nusu, inatulia kabisa. Nimeweka plagi mpya, hakuna nafuu. Jirani anasema gavana amekufa, nikaze springi yake. Nifanyeje?*
*Mwenye nyasi za magotini*

Marahaba. Jibu umelibeba mwenyewe katikati ya barua, pale uliposema choki ikifungwa nusu injini inatulia. Choki inainyima injini hewa ili mvuto wa pistoni ulete petroli zaidi. Injini iliyokwisha kupata moto ikipona kwa kunyimwa hewa, ugonjwa wake ni njaa ya petroli. Petroli huungua sawasawa ikipata takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1. Yako inapewa hewa kupita kiasi hicho.

Gavana hana hatia. Yeye kaajiriwa kulinda mwendo, ambao kwa mashine nyingi za kusukuma ni mizunguko kama 3,000 kwa dakika. Mchanganyiko ukikosa petroli, mwendo unaanguka. Gavana anafungua kipepeo cha kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, injini inapata nguvu ghafla na kupitiliza, gavana anafunga, mwendo unaanguka tena. Ndiyo ngoma unayoisikia. Ukikaza springi utapata injini ileile yenye njaa, sasa inakimbizwa zaidi, na kisu kinachozunguka kwa kasi ambayo hakikutengenezewa. Springi ya gavana ikishavutwa na kunyooka huwezi kuirudisha kwa macho. Mwambie jirani aiache.

Mshukiwa wa kwanza ni petroli iliyolala. Ikikaa mwezi hivi kwenye tangi inaanza kuharibika: sehemu zake nyepesi zinapaa, na inayobaki inageuka polepole kuwa gundi. Ikiwa ina ethanoli, inavuta na unyevu, na maji yanatuama mahali pa chini kabisa, yaani kwenye bakuli la kabureta. Hapo ndipo petroli inapopita kwenye matundu membamba kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo gundi inapoganda.

Mwaga petroli yote ya zamani. Kuiongezea mpya juu yake hakuiponyi. Injini iwe ya baridi. Funga koki ya petroli; kama haina koki, bana mpira wa petroli kwa koleo ulilolizungushia kitambaa. Weka chombo chini ya kabureta, kisha fungua ile bolti moja ya katikati chini ya bakuli. Bakuli litashuka na petroli yake. Iangalie kabla hujaimwaga: matone yanayojitenga na kuviringika chini ni maji, na unga wa kahawia ni kutu au gundi iliyokauka. Ukivikuta, usiishie kwenye kabureta, kwa sababu na tangi lina vilevile.

Sasa ishike ile bolti. Kwenye kabureta nyingi za mashine hizi bolti ya bakuli ni jeti pia, yaani kitundu kinachopima petroli ya kuingia kwenye injini: ndani ina njia, ina tundu ubavuni na jingine nchani, na petroli karibu yote ya injini inapita humo. Ifute, iinue kwenye mwanga, uchungulie. Unatakiwa uone kinukta cha mwanga chenye duara kamili. Duara likiwa limeliwa upande mmoja, au usipoona mwanga wowote, umempata mwizi. Kama bolti yako haina tundu lolote, jeti iko juu zaidi, ndani ya ile nguzo ya katikati, nayo hufunguliwa kwa bisibisi bapa. Tafuta bisibisi inayojaza mkato wake barabara. Jeti ni shaba laini, na mkato ukishaliwa utaichukia siku hiyo.

Kuzibua: chukua waya wa umeme wa nyuzinyuzi, chomoa unyuzi mmoja wa shaba, upitishe taratibu. Sindano ya kushonea na vibiti vya kutobolea visikaribie hapo. Chuma kinapanua tundu, na tundu likipanuka hata kidogo umeihamisha injini kutoka njaa hadi kuvimbiwa. Kisha puliza dawa ya kabureta kwenye kila njia unayoiona, ukiwa umevaa miwani, maana dawa inaingia hapa na kutokea pale usipopatarajia, mara nyingi usoni. Kabla ya kupuliza, toa ule mpira wa mviringo wa bakuli. Ukilowa dawa unavimba, na hautakubali tena kukaa kwenye mfereji wake.

Jeti kubwa ikiwa safi na bado inapanda na kushuka hasa ikizunguka bure, geukia njia ndogo ya mwendo wa chini. Tundu lake ni jembamba zaidi na huziba mapema kuliko kubwa. Kwenye baadhi ya kabureta limefichwa chini ya skrubu au kiplastiki kidogo juu ya mwili wa kabureta. Piga picha kabla ya kufungua, na skrubu yoyote ya kurekebisha uihesabie mizunguko hadi inapogota, uiandike, ndipo uitoe.

Ukikuta kote kunapita, basi hewa inaingia mahali pasipo pake: kwenye gasketi, ule utando wa kuziba maungio, kati ya kabureta na injini. Washa, kisha nyunyizia maji kidogo kwenye maungio hayo kwa kichupa cha kunyunyizia. Mlio ukibadilika pale maji yanapogusa, gasketi inavuja. Wapo mafundi wanaotumia dawa ya kabureta kwa kipimo hiki. Inafanya kazi, lakini ni kitu cha kuwaka moto na ekzosi iko pale pale. Mimi natumia maji.

Robo saa inafanya kazi, kisha kimya

*Fundi, injini yangu inawaka vizuri na kukata vizuri. Baada ya kama robo saa inaanza kukosa nguvu, inakohoa, inazima. Nikipumzika, ikipumzika, inawaka tena kama haijatokea kitu. Kabureta nimesafisha.*
*Baba Pacha*

Baba Pacha, hapa kuna watuhumiwa wawili wanaofanana kwa tabia, na utawatenganisha kwa kuwa na haraka pale inapozima.

Wa kwanza ni mfuniko wa tangi. Una kitundu cha kupitisha hewa. Kikiziba kwa vumbi na nyasi, petroli inatoka lakini hewa haiingii kujaza nafasi yake, mvuto unajengeka ndani ya tangi, na mwisho petroli inagoma kushuka. Ukiiacha ikae, hewa inapenya kidogokidogo na mambo yanarudi sawa. Basi siku ikianza kudhoofika, legeza mfuniko palepale. Ukisikia hewa inafyonzwa na injini ikarudisha nguvu, kesi imekwisha. Osha mfuniko, puliza kitundu. Kuutoboa tundu jipya sikushauri, kwa kuwa unaacha petroli imwagike mashine ikiinama juu ya ekzosi ya moto.

Wa pili ni koili ya kuwashia, inayotengeneza umeme wa cheche ya plagi. Ndani yake kuna waya mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi. Ukiwa na ufa, ikiwa baridi ncha zinagusana na umeme unapita. Joto likipanda vitu vinatanuka, ncha zinaachana, cheche inapotea. Hapa kulegeza mfuniko hakusaidii kitu. Beba plagi ya akiba mfukoni. Injini ikizima, bila kuisubiri ipoe, hamisha waya uuweke kwenye plagi ya akiba, ile nyingine uiache kwenye tundu lake ili mvuke wa petroli usitoke. Ilaze plagi ya akiba igusane vizuri na chuma cha injini, mbali na tangi, uishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, na mtu avute kamba. Cheche ya buluu inayolia ta ta ta ni nzima. Ukikosa cheche wakati wa moto na ukaipata injini ikipoa, nunua koili.

Ila kabla hujatoa pesa, fuata ule waya mwembamba wa kuzimia unaotoka kwenye koili hadi kwenye mkono wa breki. Ukiwa umechubuka na unagusa chuma kwa mtikisiko, unazima cheche kiholela na koili nzima inasingiziwa. Unaweza kuutenganisha ili kupima cheche tu. Usiiwashe mashine ukiwa umeutenganisha, kwa sababu hutakuwa na njia ya kuizima.

Ukifika kufunga koili mpya, pengo kati yake na sumaku za flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, kwa injini nyingi ni milimita 0.25 hadi 0.35. Karatasi ngumu ya kadi ya biashara inakaribia kipimo hicho: iweke katikati, legeza skrubu, sumaku ivute koili yenyewe, kaza, kisha zungusha flaiwili kadi itoke. Na ukiwa umefungua mfuniko wa juu, safisha nyasi zilizojazana kwenye mapezi ya silinda. Injini hizi zinapozwa kwa hewa tu. Mapezi yakizibwa, hata koili nzima inapikwa.

Nimegonga kisiki

*Habari Fundi. Nilipita juu ya kisiki kilichojificha kwenye nyasi, mashine ikazima kwa kishindo. Sasa kamba inaninyang'anya mkononi ninapovuta, na ikiwaka inalipuka kwenye ekzosi na haina nguvu. Kabla ya hapo ilikuwa nzuri.*
*Mama Mwenye Shamba Dogo*

Mama, pole kwa vidole. Nyumbani kwangu barua kama hii siihitaji hata nusu ya pili. Kugonga, kisha kamba kurudisha mkono kwa nguvu: kii ya flaiwili imekatika au imejipinda.

Nieleze kidogo. Flaiwili imekaa kwenye ncha ya juu ya krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, iliyochongwa kuchongoka kidogo, na nati ndiyo inayoibana isiteleze. Kati yao kuna mfereji, na ndani ya mfereji kuna kijichuma cha mstatili, ndiyo kii. Kazi yake ni kuielekeza flaiwili ikae penye nafasi yake ili sumaku ipite mbele ya koili pistoni ikiwa mahali panapotakiwa. Kisu nacho, kwenye mashine nyingi za kusukuma, kimefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya chini ya shafti hiyohiyo. Kisu kikisimama ghafla, shafti inasimama, flaiwili nzito bado inataka kwenda. Inateleza, na kii, ambayo mara nyingi ni ya madini laini kama alumini, inakatwa. Tangu hapo cheche inakuja wakati usio wake: mchanganyiko unawashwa pistoni ikiwa bado inapanda, inarudishwa chini kinyume, na kamba inaondoka na mkono wako.

Kuifungua si kazi ya kutisha. Chomoa waya wa plagi, toa mfuniko wa kamba, toa nati. Tayari hapo juu unaweza kuona: angalia kama mfereji wa flaiwili na mfereji wa shafti vinatazamana. Hitilafu ya milimita moja tu inatosha kuleta usumbufu wote ulioueleza. Flaiwili hutolewa kwa kifaa chake cha kuvutia. Usiipige nyundo pembezoni wala usiinyanyue kwa bisibisi mbili, kwani mapezi yake yanavunjika upesi. Futa ile sehemu iliyochongoka ya shafti na ya flaiwili mpaka zikauke, bila oili wala grisi, weka kii mpya, kaza nati kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini. Flaiwili iliyolegea itakata na kii mpya.

Usichonge kii kutoka kwenye msumari. Najua itaingia, na najua haitakatika. Tatizo ndilo hilo hilo: kisiki kinachofuata kitatafuta kitu kingine cha kuvunja, na kinachofuata kwenye mstari ni shafti au flaiwili yenyewe.

Kabla hujafunga, inamisha mashine utazame kisu. Kama bolti yake imelegea, hilo peke yake linaweza kuleta mkanganyiko unaofanana na huu, kwa kuwa injini nyingi za aina hii zina flaiwili nyepesi na zinategemea uzito wa kisu kuzisaidia kuvuka mzunguko. Kisu kikicheza, injini inapiga kinyume na kuvuta kamba kunakuwa vita. Kisha zungusha kisu polepole kwa mkono, waya wa plagi bado uko nje, ukiangalia kichwa cha bolti katikati. Kikitulia mahali pamoja, shafti imesalimika. Kikichora duara, shafti imepinda, na kwa hapo sina dawa ya nyumbani; kuigongagonga inyooke ni kutafuta ajali.

Moshi mweusi na plagi iliyolowa

*Fundi, injini inanuka petroli, inatoa moshi mweusi, inakohoa. Nikifungua plagi naikuta nyeusi na imelowa. Naikausha, inawaka dakika chache, yale yale.*
*Kijana wa Bustani*

Kijana, wewe ni kinyume cha mwenye nyasi za magotini: yako inashiba kupita kiasi. Anza na chujio la hewa. Litoe, washa bila hilo kwa muda mfupi tu. Mlio ukisafika, chujio ndilo lililoziba. La sponji huoshwa kwa maji na sabuni, likakauka, likapakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi wala halipakwi oili: kung'uta, na likibaki jeusi weka jipya.

Kama si chujio, chungulia mdomo wa kabureta huku mtu akisogeza mkono wa choki. Kile kibati kinatakiwa kifunguke chote. Waya wa choki ukiwa umelegea, unaona mkono umefika mwisho lakini kibati kimebaki nusu.

La tatu linahitaji umakini. Floti, kiboya kilicho ndani ya bakuli, inapanda na kusukuma sindano ndogo ifunge petroli. Sindano ikiwa na uchafu au mpira wake umekwisha, petroli haikomi: inajaza kabureta, inaingia kwenye silinda, inapenya ringi zinazoziba ukingo wa pistoni, inaingia kwenye oili. Kwa hiyo leo hii, kabla ya kuvuta kamba tena, chomoa kijiti cha oili. Ukikuta kipimo kimepanda bila wewe kuongeza, na oili ni nyepesi na inanuka petroli, usiwashe. Oili ya namna hiyo haina tena utelezi wa kulinda injini. Tengeneza sindano kwanza, kisha mwaga oili yote uweke mpya. Ukibadilisha oili bila sindano utairudia kazi hiyo keshokutwa.

Plagi ikauke, isuguliwe kwa brashi ya waya, pengo lake lipimwe. Kwa injini nyingi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Injini ikipona, baada ya muda ncha ya plagi itageuka rangi ya hudhurungi isiyokolea. Ikiwa nyeupe kabisa, umevuka upande wa pili na unahitaji jibu nililompa mwenzako wa kwanza.

Nimeipindua kusafisha, sasa inafuka moshi mweupe

*Fundi, niliilaza ubavu kukwangua nyasi chini. Nilipowasha, moshi mweupe ulijaa uani na inakata pumzi. Nimeiua?*
*Msafi*

Hujaiua. Uliilaza kabureta na chujio la hewa vikiwa upande wa chini, oili ikatiririka kwenye silinda na kwenye chujio. Toa plagi, vuta kamba mara kadhaa oili itoke, ukikaa mbali na tundu, rudisha plagi iliyofutwa, angalia kama chujio limelowa, pima oili, washa uiache iunguze masalia. Moshi utakwisha wenyewe. Siku nyingine chujio la hewa litazame juu, na tangi lisijae.

Ikiendelea kufuka moshi kila siku bila kuilaza, soma barua ya mwisho.

Mlio uko sawa, mikono inakufa ganzi

*Fundi, injini inasikika vizuri lakini mashine inatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi. Kabureta au plagi?*
*Bibi wa Maua*

Bibi, shikamoo. Si kabureta wala si plagi. Injini inayomisi inatetemeka kwa kushtukashtuka na mlio wake unakatika. Yako mlio umenyooka, kwa hiyo kinachoyumba ni kisu. Aliyekinoa amekula upande mmoja kuliko mwingine. Mwambie kijana akitoe, akitundike kwa tundu lake la katikati kwenye msumari ulionyooka ukutani. Upande unaoshuka ndio mzito, na upigwe tupa upande huo mpaka kisu kikae sawa na ardhi. Atazame pia bolti nne au tatu zinazoishika injini kwenye mwili wa mashine, maana mtikisiko huzilegeza.

Nimebadilisha kila kitu

*Fundi, injini ni ya zamani. Kabureta mpya, plagi mpya, koili mpya, petroli mpya. Inawaka kwa tabu, ikigusa nyasi inazama, na inakula oili. Nibadilishe nini tena?*
*Aliyechoka*

Ndugu yangu, umenunua kila kinachoweza kununuliwa kwa haraka, na hukuwahi kupima kile ambacho hakiuzwi kwenye pakiti: mgandamizo, yaani nguvu ya pistoni kubana mchanganyiko bila kuvuja. Injini inataka petroli, cheche na mgandamizo. Viwili vya kwanza umevilipia.

Usihukumu kwa wepesi wa kamba pekee. Injini nyingi za sasa zina kifaa kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuvuta ili mkono usiumie, kwa hiyo kamba nyepesi inaweza kuwa ya injini nzima kabisa. Fanya hivi. Toa plagi, mimina kijiko kidogo cha oili ya injini kwenye tundu lake, vuta kamba taratibu isambae, rudisha plagi, vuta tena. Kamba ikiwa nzito ghafla kuliko mwanzo, oili imeziba mwanya uliokuwa ukivujisha pembeni ya pistoni: ringi au silinda vimelika, na ndiyo sababu inakula oili. Isipobadilika, mvujo uko juu, kwenye valvu au gasketi ya kichwa.

La juu ndilo lenye matumaini. Gasketi ya kichwa ikiwa imeungua, utaona alama nyeusi ya moshi kwenye maungio ya kichwa na silinda, na mara nyingine utasikia inapumua hapo. Kwa injini ambazo valvu zake ziko kichwani, fungua mfuniko wa valvu injini ikiwa baridi, upime nafasi ya valvu kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya, ukilinganisha na namba za kitabu chako. Valvu iliyokosa nafasi haifungi sawasawa, na marekebisho yake ni spana mbili na subira. Kazi hii hufanywa mara chache mno nyumbani, na inarudisha uhai wa injini nyingi zilizokwisha kutupwa stoo.

Ikiwa ni ringi, piga hesabu kabla ya kufungua. Ringi mpya ndani ya silinda iliyochimbika hazidumu. Pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Ukikwama kwenye mfereji, acha kununua. Ile kabureta mpya, koili na plagi ni mali nzima. Vitoe, uviweke kwenye boksi kavu, na bakuli la kabureta liwe tupu.